Rituksimabu au vidonge: mgonjwa wa NMO wa Mtwara na Lindi ashike dawa gani ya kuzuia mashambulio

NMO ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia neva za macho na uti wa mgongo. Jibu naliweka juu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama una uhakika wa kupata rituksimabu, ile ya dripu, kila baada ya miezi sita bila kuruka, chukua hiyo. Kama huo uhakika huna, basi vidonge vya azathioprini vya kila siku, vikianza pamoja na prednisoloni, huku unapima damu karibu na kwako, vinaishinda rituksimabu ya kubahatisha. Maikofenoleti, kidonge kingine, ni ya yule ambaye azathioprini imemkataa, na kwa mwanamke ambaye bado anazaa naiweka mbali. Prednisoloni peke yake miaka nenda rudi, hapana.

Mi niko famasi, Masasi, nauza dawa siandiki dawa, kwa hiyo hapa sikupi dozi ya kwenda kununua kesho, nataka tu ukikaa mbele ya daktari uwe unajua unauliza nini. Maana watu wanatoka Muhimbili na karatasi, wameambiwa kuna njia mbili tatu wakajadiliane na familia, wanapanda basi wanajadili kuanzia Mbagala mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi na wakifika huku kila mtu ana dawa yake, mjomba anataka ile ya dripu kwa kuwa ni ghali basi lazima itakuwa nzuri, mama anataka vidonge kwa kuwa vidonge amevizoea, na mgonjwa mwenyewe hajaulizwa kitu.

Jina la ugonjwa kwanza

Usichague dawa kabla hujajua ni NMO au MS (multiple sclerosis, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo), na hili nalisisitiza kuliko yote. Kwa nje yanafanana sana, jicho linafifia ndani ya siku chache na linauma ukiligeuza, au ganzi inaanza kifuani kushuka chini, miguu inaishiwa nguvu, mkojo unagoma kutoka. Tangu daktari Mfaransa Eugène Devic aieleze NMO mwaka 1894 kule Lyon, kwa miaka mingi madaktari wengi walikuwa wanaihesabu kama aina fulani ya MS. Mwaka 2004 ndo watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, wakatangaza kwamba kwenye damu ya watu wa NMO kuna antibodi ambayo watu wa MS hawana, na mwaka uliofuata ikajulikana inalenga nini: akwaporini 4, kijitundu cha kupitishia maji kilichojaa kwenye seli za ubongo na uti wa mgongo zinazoitwa astrosaiti.

Kwa kawaida ubongo na uti wa mgongo vina walinzi wao wa ndani, mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizitofautisha na seli nyingine mwaka 1919, na seli nyingi za kinga zinazotembea kwenye damu zinazuiwa na ukuta wa mishipa zisiingie hovyo. Kwenye NMO antibodi inatengenezwa zaidi huko nje kwenye damu na tezi, ikipata upenyo inaingia, inaikamata astrosaiti, inaita protini za komplimenti ambazo zinaitoboa ile seli, alafu zinafuata chembe nyeupe za neutrofili na eosinofili kumalizia. Astrosaiti zikifa, mailini inayozunguka nyuzi za fahamu nayo inaondoka. MS ni tofauti, kule seli za kinga zinazoitwa seli T na seli B zinaivamia mailini yenyewe, na hata mashambulio yakitulia mikroglia zinaweza kuendelea kuchoma pole pole miaka mingi, ndo maana mtu wa MS anaweza kuzorota taratibu bila shambulio jipya.

Mtu wa NMO hazoroti hivyo. Karibu ulemavu wote wa NMO unatokana na mashambulio yenyewe, moja linachukua jicho, jingine linachukua miguu, na mara nyingi kilichochukuliwa hakirudi chote. Kwa hiyo dawa nzuri ya NMO ni ile inayokuwepo mwilini siku shambulio linapotaka kuja, basi. Mkulima wa Newala haitaji kuelezwa hili mara mbili, salfa unapuliza kabla ubwiri haujala maua ya mkorosho, ukipuliza maua yakishakauka umemwaga hela. Hivi vyote ninavyolinganisha hapa ni vya kuzuia, shambulio lenyewe likishaanza ni mambo mengine, methilprednisoloni gramu moja ya mshipani kwa siku tatu hadi tano, na ikigoma wanabadilisha maji ya damu kwa mashine, na hapo unakimbia hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu.

Kwa nini jina ni muhimu hivyo? Kwa sababu baadhi ya dawa za MS, interferoni beta, fingolimodi, natalizumabu, zinaweza kumwongezea mtu wa NMO mashambulio. Ukiona umeandikiwa mojawapo na hujawahi kupimwa antibodi ya akwaporini 4, uliza kwa heshima lakini uliza. Kipimo ni cha damu tu, ulizia maabara kama wanasafirisha sampuli, na ikiwezekana kifanyike kile kinachotumia seli hai kwa sababu ndo kinachoaminika zaidi. Dalili nyingine za kuelekea NMO: kwenye MRI doa la uti wa mgongo ni refu, pingili tatu au zaidi, wenye antibodi wengi wao ni wanawake, hata tisa kwa mwanaume mmoja, na ugonjwa unawapata watu weusi na Waasia kwa kiasi kikubwa kuliko wazungu wakati MS iko kinyume chake. Alafu kuna kwikwi. Kwikwi na kutapika kusikoisha wiki nzima, wiki mbili, huku kwetu huyo anatibiwa vidonda vya tumbo mara tatu, akitoka hapo anapelekwa kwa fundi kutolewa jini, kumbe ni eneo dogo la shina la ubongo limevimba na miezi michache baadaye miguu inafuata. Sisemi kila kwikwi ni NMO, nasema ukiwa nayo mwambie daktari hata kama imeshapita.

Kuna ugonjwa wa tatu, wa antibodi ya MOG, huo unaonekana sana kwa watoto, wengine wanapata mara moja tu hawapati tena, na rituksimabu haiufanyii kazi vizuri kama NMO. Siuingizi kwenye ulinganisho huu.

Na kabla ya kuzima kinga ya mtu wa huku, lazima vitolewe vingine vinavyolegeza miguu na vimejaa kwetu: TB ya uti wa mgongo, VVU, kaswende, na kichocho, maana mayai ya kichocho yanaweza kufika mpaka kwenye uti wa mgongo. Ukimpa mwenye TB hizi dawa bila kumtibu TB umemuuza.

Zinavyofanya kazi, na zinaanza lini

Prednisoloni inashusha kila kitu, seli T, seli B, kemikali zote za kuvimba, na inafanya hivyo haraka, siku chache tu. Ndo nguvu yake na ndo ubaya wake.

Azathioprini ni dawa ya zamani, imetoka maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings waliopata Nobel mwaka 1988, na watu waliopandikizwa figo wameitumia tangu miaka ya 60. Inazinyima seli zinazogawanyika haraka malighafi za kutengenezea DNA, na seli za kinga zikiamka kupigana zinagawanyika sana, kwa hiyo zinakwama. Shida yake ni kuchelewa, miezi mitatu mpaka sita kabla haijashika sawasawa, ndo maana unaanza nayo ukiwa na prednisoloni na hiyo prednisoloni haipunguzwi haraka. Watu wengi wanaosema "azathioprini haifanyi kazi" ukiwauliza vizuri unakuta waliacha prednisoloni mwezi wa pili, shambulio likaja mwezi wa tatu.

Maikofenoleti inapita njia hiyo hiyo lakini inalenga limfosaiti (hizo seli T na seli B) zaidi, inashika mapema kidogo, na tumbo linaharisha kwa wengine.

Rituksimabu sasa ni kitu kingine kabisa. Ni antibodi iliyotengenezwa maabara, inaishika alama ya CD20 iliyoko juu ya seli B na kuziondoa kwenye damu kwa muda wa miezi sita hivi, wengine zaidi. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya limfu, na matumizi ya NMO yamekuja baadaye. Kitu cha ajabu, zile seli plasma zinazomwaga antibodi hazina CD20 kwa hiyo zinabaki, na kiwango cha antibodi mara nyingi hakishuki sana, lakini mashambulio yanapungua hivyo hivyo. Inaonyesha seli B zina kazi nyingine, zinazionyesha seli T adui wa kupigwa na zinatoa kemikali za uchochezi. Inashika ndani ya wiki chache, ila wiki za mwanzo wachache wanapata shambulio, kwa hiyo hata hapa prednisoloni haiachwi siku ya dripu.

Ipi inazuia zaidi

Hapa hamna ubishi mkubwa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Iran ulioziweka azathioprini na rituksimabu uso kwa uso kwa mwaka mmoja: waliokaa bila shambulio upande wa azathioprini ni 19 kati ya 35, upande wa rituksimabu 26 kati ya 33. Wajapani nao mwaka 2020 wakatoa wa kwao wa rituksimabu dhidi ya dripu isiyo na dawa, kila upande watu 19, saba wa dripu tupu walishambuliwa, wa rituksimabu hakuna hata mmoja. Tafiti ndogo, lakini zinaelekea upande mmoja. Ukitazama karatasi tu, kazi imeisha, chukua rituksimabu.

Ila kumbuka hao wa tafiti wote walipata dripu zao kwa tarehe. Na zaidi ya nusu ya wale wa azathioprini walikaa mwaka mzima salama, hiyo sio dawa ya kudharau.

Tarehe, barabara, korosho

Hapa ndo nataka kukaa, kwa sababu daktari wa Dar anaweza asiliwaze.

Mtwara mpaka Dar ni kilomita kama 560. Rituksimabu mara nyingi inatolewa miligramu 1000, unakaa wiki mbili, unapewa 1000 nyingine, alafu inarudiwa baada ya miezi sita. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza ni kuwa na mahali pa kulala wiki mbili, na kwa watu wetu ni Mbagala kwa ndugu, ambako nusu ya mtaa ni wa Kusini, hilo linawezekana. Kinachovunja watu ni mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne. Mgonjwa anajisikia mzima, miguu inatembea, miezi sita imefika, hela haipo, anasema nitaenda mwezi ujao. Seli B hazisubiri, zinarudi zenyewe, na shambulio linaweza kuja nazo.

Hela ya huku ina msimu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanaingia Novemba na Desemba kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), na ufuta wa Lindi unauzwa kuanzia Juni. Kwa hiyo kama unaweza, panga na daktari dripu ziangukie Desemba na Juni. Aprili na Mei ndo pabaya, hela imekata na mvua iko juu, mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ikakatika pale Somanga, magari yakakaa. Aliyekuwa na dripu yake wiki hiyo alifanyaje? Lakini usiicheleweshe dripu ya kwanza eti unasubiri msimu, anza sasa, na kusogeza tarehe baadaye iwe ni kuiwahisha.

Na tafadhali msiuze korosho kangomba, yaani kwa walanguzi kabla ya mnada, kwa ajili ya dripu moja. Kangomba inakupa hela ya mzunguko mmoja kwa bei ya kutupa na Desemba unakuta huna ya mzunguko wa pili, yaani umetoa hela kubwa ukapata ulinzi wa nusu mwaka. Familia inayofikiria hivyo ndo hasa mgonjwa wake namwambia ashike azathioprini. Vidonge vya azathioprini vya kawaida ni rahisi kwa mbali sana, vinakaa kabatini bila friji, na famasi ikiishiwa tunaagiza Mtwara au Dar vinakuja na basi. Ukichelewa siku moja hujaharibu mwaka. Ila sio vidonge vya kuviacha ukijisikia nafuu, hivyo navyo vina tabia hiyo, mtu anameza vizuri miezi minane akapona akaacha.

Rituksimabu inahitaji baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 na isigande. Kuna watu wanainunua Dar wanakuja nayo kwenye kiboksi cha barafu ili wawekewe huku, barafu inayeyuka kabla ya Kilwa, au kichupa kinagusana na barafu kinaganda, na kwa macho huwezi kujua kimeharibika. Kama nia ni kuwekewa huku, muulize daktari wa Dar kama anaweza kuandika barua kwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, hospitali ziongee zenyewe kuhusu dawa na uangalizi, wewe usiwe msafirishaji. Kwenye dripu ya kwanza mtu anaweza kupata homa, kutetemeka, presha kushuka, vipele, ndo maana inapewa taratibu kwa masaa mengi baada ya paracetamol, dawa ya aleji na dozi ya steroidi (jamii ya prednisoloni), na lazima pawepo watu wanaojua cha kufanya. Zahanati hapana.

Bima: uliza kibali kabla ya kukata tiketi, sio ukiwa dirishani. Zipo nakala za rituksimabu za bei nafuu, India walianza kuuza yao mwaka 2007, na mwaka 2023 WHO waliiweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Sio NMO, ndio, lakini inasaidia unapobishana na mtu anayekwambia hiyo ni dawa ya matajiri.

Vipimo

Rituksimabu vipimo vyake vingi ni vya mwanzo: homa ya ini B kwanza, na hiki usikubali kirukwe, kirusi kilicholala kinaweza kuamka kwa nguvu ya kuua ini, alafu VVU, TB, na baadaye kiwango cha kinga ya damu maana kinashuka mwaka hadi mwaka.

Azathioprini vipimo vyake haviishi. FBP (kipimo cha chembe za damu) na ini, mwanzoni kila wiki au wiki mbili, alafu kila mwezi, alafu kila miezi mitatu. Kuna watu mwili wao hauivunji dawa hii ipasavyo na chembe nyeupe zinaanguka mapema, ndo maana hizo wiki za mwanzo hazina mjadala. Kwa mtu wa Masasi au Nanyumbu hapa ndo azathioprini inakuwa nyepesi, FBP unafanya Ndanda au Mkomaindo, wa Mtwara yuko Ligula, wa Lindi yuko Sokoine, wa vijijini Lindi yuko Nyangao, hakuna kwenda Dar. Unaipiga picha karatasi unamtumia daktari WhatsApp. Maikofenoleti nayo inataka FBP hivyo hivyo.

Mwenye jongo anayetumia alopurinoli aseme kabla, ikikutana na azathioprini chembe nyeupe zinaweza kuisha kabisa. Na msimu wa mabibo ukifika nisemeje, uraka na gongo pamoja na azathioprini ni kulipiga ini ngumi mbili. Bibo lenyewe kula.

Mwenye ualbino, azathioprini naomba iwe ya mwisho. Inaifanya ngozi iumie zaidi na jua na inaongeza hatari ya saratani ya ngozi, na jua letu linajulikana. Hapo hata mimi ninayeisifia azathioprini nasema familia ijichange kwa rituksimabu, au daktari afikirie njia nyingine.

Mimba

NMO inawapata wanawake wa umri wa kuzaa, na dada wengi hawaulizi hili mbele ya wakwe. Maikofenoleti inaharibu mimba na kuleta watoto wenye kasoro, uzazi wa mpango ni lazima na inaachwa angalau wiki sita kabla ya kutafuta mtoto. Azathioprini madaktari huwa wanaruhusu iendelee wakiona faida ni kubwa kuliko hatari. Rituksimabu inapangwa, wengi wanapenda dripu iingie kabla ya mimba ili seli B ziwe chini wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua ni hatari sana kwa mashambulio, kwa hiyo dada aliyeacha dawa zote "kwa ajili ya mtoto" bila kumwambia daktari, huyo ndo ananiogopesha.

Prednisoloni peke yake

Naelewa kwa nini watu wanaishia hapa. Iko kila duka, bei yake ndogo, na inafanya kazi, ukweli ni huo, ukiipunguza shambulio linakuja ukiipandisha linatulia. Lakini miaka miwili ya dozi ya juu: sukari, presha, uso umejaa, mifupa inalainika, nyonga inaoza, mtoto wa jicho kwenye jicho lile lile ulilokuwa unaliokoa. Ukiiacha ghafla, tezi za mwili zinazotengeneza steroidi, ambazo zimelala, haziamki, mtu anaanguka. Na kuna la huku kwetu zaidi, minyoo aina ya strongiloidi inayopita kwenye ngozi ya mtu anayetembea peku shambani, inakaa miaka bila dalili, ukianza steroidi za juu inazaliana na kusambaa mwili mzima, inaua. Muulize daktari kuhusu ivermektini kabla ya kuanza, ni kitu kidogo sana kusahaulika. Nafasi ya prednisoloni ni miezi ya kusubiri azathioprini ishike, au kiwango kidogo cha kuongezea.

Zile mpya mtakazosoma mtandaoni, ekulizumabu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa NMO ambayo inafunga komplimenti, na inebilizumabu na satralizumabu za 2020, ni nzuri sana na bei yake ni ya kununulia nyumba. Tuendelee.

Kwa hiyo nani nini

Mtumishi mwenye bima inayokubali, yuko Mtwara mjini au Lindi mjini, ana ndugu Dar: rituksimabu, bila kuzunguka. Aliyepata mashambulio mawili makubwa ndani ya mwaka, au jicho moja limeshaenda: rituksimabu hata kwa kuchangisha, ila familia ikae ihesabu mizunguko minne sio mmoja. Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa, hana bima, shambulio limekuwa moja, anaweza kufika hospitali ya kupima FBP: azathioprini na prednisoloni ya kushuka taratibu, na akishambuliwa tena akiwa anameza vizuri, hapo ndo anabadilishwa. Asiyeweza kupima damu kabisa, huyo azathioprini sio salama kwake, kwa hiyo tatizo la kutatua kwanza ni nauli ya kwenda kupima.

Ukishika rituksimabu, siku hiyo hiyo mwombe daktari akuandikie utafanyaje tarehe ikipita, kiasi gani cha prednisoloni, umpigie nani. Iwe kwenye karatasi.

Ukishika yoyote kati ya hizi, chanjo zenye virusi hai kama homa ya manjano ni za kuulizia kwanza, chandarua kila usiku, na homa ya 38 na kuendelea unakwenda kupimwa malaria na damu siku hiyo, hukai na panadol nyumbani. Na joto la Januari likikurudishia ganzi au jicho kufifia kwa masaa, ukikaa kivulini ukaoga maji ya baridi ikaondoka, hilo mara nyingi ni joto tu limechosha nyuzi zilizokwisha kuumia. Ikifika masaa 24 bado ipo, au ni dalili mpya ambayo hujawahi kuwa nayo, beba karatasi zako zote uende, na usianze kuongeza prednisoloni mwenyewe kabla hujaonwa.